Ule mkojo wa leba wodi huwa wanatafuta nini?

Kifungua mimba wangu nilimzaa hapa Kisumu, hospitali sitaitaja, na kitu nakumbuka kushinda hata uchungu wenyewe ni kikopo. Sista ananiambia "mama, niletee mkojo kidogo", na mi niko kwa korido nimekumbatia ukuta, uchungu unakuja unaenda, nikajikokota hadi choo nikaleta matone tu, tena na damu ndani. Akachovya kile kijiti cha viboksi vya rangi, akakilinganisha na rangi zilizoko kwa chupa yake, akasema protini hakuna uko sawa, kikaenda kwa pipa. Dakika haikuisha.

Sasa mimi ni mtu wa kusomasoma, na nilikuja kujua baadaye kuna kiboksi kwa hicho kijiti cha seli nyeupe, zile za kupigana na maambukizi, na hicho hufaa kusubiriwa kama dakika mbili ndio rangi ionekane vizuri. Kingine cha nitriti kinaonyesha kama kuna bakteria. Huko hakuna mtu aliangalia. Na si ati sista alikuwa mvivu, alikuwa na akina mama sita peke yake na mmoja anapiga nduru. Ile karatasi ya kufuatilia leba ina nafasi ya mkojo, lakini imeandikwa protini na asetoni, basi, hata ile mpya WHO walitoa 2020. Protini ni ya kifafa cha mimba, asetoni ni kujua kama mama amekauka na hana nguvu. Maambukizi hayana pa kuandikwa, na kisichoandikwa nani atakitafuta saa nane usiku?

Nikubali pia kijiti si mungu. Mkojo ukichanganyika na damu na maji ya uzazi, protini na seli nyeupe zinaweza kukudanganya, na nitriti inataka mkojo uwe umekaa kwa kibofu masaa kadhaa, na mama wa leba anaenda choo kila saa. Lakini si basi mtu aseme hii sampuli ni chafu tuchukue ingine? Ama iandikwe mahali arudiwe baada ya kuzaa, hasa kama aliwekwa mrija wa mkojo kama mimi, kwa sababu huo mrija wenyewe ni barabara ya bakteria.

Siku ya tano nikiwa nyumbani, baridi ikanishika meno yanagongana na jua la Kisumu liko nje, lile unalolijua. Kila mtu akasema malaria. Mama mkwe akasema malaria, jirani malaria, jamaa wa duka la dawa hata hakupima, akafunga dawa. Siku tatu nimemeza na homa iko palepale. Nikapanda boda kwenda kliniki, na kila tukiruka bampu pale Kondele nasikia kama mtu amenidunga kisu ubavuni kulia, nikamwambia yule kijana "polepole kakangu, nimezaa juzi."

Daktari alipima malaria, hakuna. Halafu akanigeuza, akanigonga na ngumi taratibu chini ya mbavu, kushoto sawa, kulia karibu niruke kitandani. Akasema hiyo ni figo. Akanieleza mimba ikikua tumbo la uzazi huwa linaegemea kulia, linabana ile mirija inayotoa mkojo kwa figo, na homoni zinailegeza pia, so mkojo unatulia pale na bakteria wanapanda, na mirija hairudi kawaida siku ile umezaa, inachukua wiki kadhaa. Kwanza sikuwa nimekojoa vizuri tangu mrija utolewe, na nilipewa ruhusa kuenda nyumbani bila mtu kuniuliza hilo swali moja.

Mkojo wakapeleka maabara kuoteshwa kuona kama kuna bakteria, ikachukua siku mbili, nikalazwa na dripu na sindano, mtoto kando yangu ananyonya nimemshika na mkono huu, mkono ule una sindano.

Wa pili nilipomzaa nilimwambia sista, tafadhali usitupe hicho kijiti bado. Akanicheka, akakiweka juu ya meza, tukakiangalia pamoja hadi dakika mbili zikaisha, seli nyeupe hakuna.

Mama mkwe mpaka leo anasema ilikuwa malaria.