Siyu Haitazamwi kwa Saa Moja

Fundi wa makubadhi pale Siyu, mji wa kale katika kisiwa cha Pate, alikuwa ameshachora unyayo wangu kwenye kipande cha boksi na anachagua ngozi, kijana wa kampuni ya utalii iliyotupeleka alipopiga filimbi. Maji yanatoka, twendeni. Fundi aliinua uso akaniuliza, "Kwani hamlali?" Nikamwambia hatulali. Nikataka kumwachia pesa, akakataa kupokea malipo ya kazi ambayo hajaifanya. Nilirudi ufukoni na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu kati ya saba. Tulikuwa abiria wanane kwenye mashua, tumetoka Lamu kuzunguka visiwa: Manda, Pate, Ndau, Kiwayu, kisha kurudi. Ilikuwa Januari, na kaskazi huwa usoni ukielekea Kiwayu, kwa hiyo tulikwenda kwa bisho, yaani kupinda huku na huku dhidi ya upepo, na ratiba ilipobana, kwa injini. Ratiba ilibana kila siku.

Mtu yeyote wa kule anajua kwamba hapaingiwi Siyu wakati wowote upendao. Mkondo unapita katikati ya mikoko, na maji yakipwa unabaki tope. Unaingia maji yakijaa. Baada ya hapo una mawili: utoke mbio kabla hayajakupwa, au ukae ungoje mengine yajae, kama saa kumi na mbili hivi. Kampuni ilichagua mbio, kwa sababu chakula cha usiku kilipangwa mbele. Mimi nasema safari yote ilistahili kupangwa kwa ajili ya zile saa kumi na mbili. Bahari yenyewe inakufungia mlango ukiwa ndani ya mji wa watu, inakulazimisha ukae nao, usikie adhana ya magharibi, ule walichopika, uulizwe wewe ni mtoto wa nani. Wageni wa zamani walikuja hivyo hivyo, wakingoja maji na wakingoja upepo, na katika kungoja huko wakajuana na wenyeji. Ukiuondoa ule muda wa kungoja, sijui unabaki na nini cha kumwonyesha mtu aliyelipa wiki nzima.

Na huu ni Siyu! Mji wa Bwana Mataka, mtawala wake aliyewarudisha nyuma wanajeshi wa Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, miaka ya 1840. Mkewe ndiye Mwana Kupona, aliyemwandikia bintiye utendi mwaka 1858, ule ule tuliokaririshwa shuleni. Nilisimama kwenye kivuli cha ngome dakika kama kumi, nikapigwa picha, nikaambiwa tusogee. Kutoka Siyu mtu anakwenda kwa miguu hadi magofu ya Shanga, ambako wachimbaji wa mambo ya kale walikuta, miaka ya 1980, misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Karne ya 8, pwani yetu, kwa mwendo wa miguu, na sisi tulikuwa tunakimbilia mchanga wa kuogelea.

Mchanga wenyewe ni mzuri, siwezi kukataa. Alfajiri ya Kiwayu nilipanda juu ya kilima, bahari kuu upande mmoja na maji tulivu upande wa pili, na kwa muda nilisahau kununa. Takwa pia, mji wa magofu kisiwani Manda, tulipewa muda wa kutosha, na lile kaburi la mnara lilinitia unyenyekevu. Lakini wenyeji wa Takwa walihama tangu karne ya 17. Kule tulikopewa muda hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Nilipouliza kwa nini hatulali Siyu, niliambiwa mambo ya usalama, na hilo nalielewa. Anayejua Lamu hawezi kulipuuza. Lakini usiku huo huo tulitia nanga mbali na kila kijiji, peke yetu. Nikaambiwa pia kwamba Siyu hakuna hoteli. Tulikuwa tunalala mashuani! Tulichohitaji Siyu ni samaki, mkate wa mofa na mazungumzo. Badala yake kila kitu, hadi ndimu, kilitoka Lamu mjini ndani ya masanduku ya barafu, na kisiwa cha Pate hakikuuza kwetu chochote wiki nzima.

Hata bandari mpya ya Lamu, tulipoipita baada ya kutoka Mkanda, ule mlango wa maji kati ya Manda na bara, tulielezwa kina cha gati tu. Wavuvi zaidi ya 4,000 walioshinda kesi Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018, kwa ajili ya maeneo yao ya uvuvi yaliyoharibiwa na ujenzi wake, hawakutajwa.

Kilichoniumiza zaidi ni Faza, mji mwingine wa kisiwa cha Pate. Nahodha wetu ni mzaliwa wa pale. Tuliupita mji wake kwenda na tukaupita kurudi, na mara zote mbili ratiba haikuwa na kituo. Mara ya pili alimwita kijana aliyekuwa kwenye mtumbwi, akamkabidhi mfuko: sukari, majani ya chai na dawa za mamake. "Mwambie nimepita," akamwambia. Kisha akarudi kwenye usukani, na kaskazi sasa ikiwa nyuma yetu, nyumba za Faza zikapotea upesi sana.

Nilimwuliza jioni ile, angepanga yeye, angepangaje. Hakufikiri hata kidogo. Tuondoke Lamu siku za bamvua, maji yakiwa makubwa. Usiku mmoja Siyu, kesho yake Shanga kwa miguu, usiku mmoja Faza, kwake, mamake apike. Kizingitini tununue kamba kwa wavuvi wenyewe. Kiwayu siku moja inatosha.

Nimechukua namba yake. Tumekubaliana Januari ijayo, watu sita, na ile karatasi ya unyayo wangu naamini fundi bado anayo.