Mitishamba Kutoka Chunguni Hadi Kwenye Spiriti: Je, Ni Dawa Ile Ile?

Muuza mitishamba sokoni amezoea kumpa mteja fungu la magome au mizizi pamoja na maelekezo ya mdomo: chemsha, acha ipoe, kunywa kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Siku hizi, kando ya mafungu hayo, vimeingia vichupa vya kahawia vyenye dawa iliyolowekwa kwenye spiriti na kuchujwa, yaani tinkcha, ambayo mgonjwa huinywa kwa matone au kwa kijiko kidogo. Wanaoitetea wanasema kwamba tiba asili imepata hatimaye sura inayohifadhika na kupimika. Wanaoipinga wanasema kwamba pombe imeingizwa mahali pasipostahili na kwamba biashara inaupora utaalamu wa wazee. Pande zote mbili zina hoja za kweli, lakini naona kwamba zote zinaliruka swali lililopaswa kutangulia: je, uzoefu wa vizazi kuhusu dawa iliyochemshwa kwa maji unaithibitisha pia dawa ya mmea ule ule iliyotolewa kwa spiriti?

Tuanze na uzuri wake, kwa sababu ni mkubwa. Dawa iliyochemshwa huharibika kwa siku mbili au tatu, hasa katika joto la pwani na mahali pasipo na jokofu, na mgonjwa hulazimika kuwasha moto upya kila mara. Tinkcha iliyotengenezwa ipasavyo hukaa mwaka mmoja na zaidi bila kuvunda, mradi kiwango cha alkoholi kisishuke chini ya asilimia 20 au 25, kwa kuwa chini ya hapo vijidudu huanza kuota. Utaratibu wake unaeleweka: mmea uliokaushwa na kusagwa hupimwa kwa mizani, hutiwa spiriti ya asilimia 40 hadi 60 kwa uwiano wa gramu moja kwa mililita tano, huachwa gizani kwa wiki mbili hadi nne huku chupa ikitikiswa kila siku, kisha huchujwa na kukamuliwa. Mimea mikali hupewa uwiano wa moja kwa kumi. Mimea mibichi huhitaji spiriti kali zaidi, kwa sababu maji yaliyomo ndani ya majani huizimua. Kwa uwiano huo wa moja kwa tano, kijiko cha mililita tano hubeba kilichotolewa katika gramu moja ya gome, na mtengenezaji anaweza kusema hivyo bila kubahatisha, jambo ambalo fungu la sokoni haliwezi kulisema.

Hofu ya pombe yenyewe inahitaji hesabu kabla ya hukumu. Kijiko cha mililita tano chenye alkoholi ya asilimia 45 kina mililita mbili na robo za alkoholi halisi. Akikinywa mtu mzima mara tatu kwa siku, jumla yake haifiki theluthi ya alkoholi iliyomo katika chupa ya bia ya nusu lita. Kwa mtu mzima mwenye afya hiyo si hatari kubwa. Kwa mtoto mdogo, mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini, au mtu aliyeacha ulevi kwa shida, hesabu hiyo haina faraja yoyote, na hao ndio hasa wanaotafutiwa mitishamba majumbani kwetu. Wanazuoni wa Kiislamu nao wametofautiana juu ya dawa iliyotengenezwa kwa alkoholi, na Waislamu wengi hawataki kuigusa kabisa. Msimamo huo unastahili heshima, na haumfungii mtu njia, kwa kuwa siki, asali na gliserini hutoa viambata vya mimea mingi, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko spiriti.

Hatari iliyo karibu zaidi iko kwenye chanzo cha spiriti. Spiriti safi ya kunyweka ni ghali, na jirani yake ni gongo, au chang'aa kama wanavyoiita Kenya. Pombe ya kienyeji iliyoongezwa methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, imeua watu kwa makundi: mwaka 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga na mitaa ya jirani jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa, na Mei 2014 wengine wengi walikufa katika kaunti za kati na mashariki mwa Kenya. Methanoli haitambuliki kwa kuonja, na kiasi kidogo chake hupofusha macho. Mtengenezaji anayeloweka magome katika spiriti asiyoijua asili yake, au katika spiriti ya kusafishia vidonda, huenda anauza sumu iliyotiwa rangi ya mti. Katika hili sioni pande mbili za kupimana.

Sasa nirudi kwenye swali la msingi. Maji na spiriti havichukui vitu vile vile kutoka kwenye mmea. Maji ya moto huvuta vizuri tanini (kiambata kinachokaza ulimi kama chai kali), sukari, chumvi na utelezi. Spiriti huvuta zaidi utomvu mzito, mafuta yenye harufu na alkaloidi nyingi, yaani viambata, aghalabu vichungu, vyenye nguvu mwilini. Ukibadilisha kimiminika umebadilisha dawa, hata kama jina la mti halikubadilika. Mfano ulio wazi ni artemisia, mmea wa Kichina ambao leo unalimwa pia katika Afrika Mashariki. Tabibu Ge Hong wa karne ya 4 aliandika kwamba uloweshwe katika maji, ukamuliwe na juisi yake inywewe kwa homa. Mwanasayansi Tu Youyou aliyasoma maelekezo hayo, akagundua kwamba hayataji kuchemsha, akahisi kuwa moto ulikuwa unaiharibu dawa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaitoa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, katika joto la chini. Kazi hiyo ilizaa artemisinini, dawa ya malaria, na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Artemisinini huyeyuka kwa shida katika maji, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya artemisia kutumiwa kutibu malaria: kiasi kinachopatikana ni kidogo na hakitabiriki, na dozi pungufu huwazoesha vimelea kuishinda dawa.

Watetezi wa spiriti huuchukua mfano huo kama ushindi wao, na hapo sikubaliani nao. Kama kimiminika kipya kinaweza kuamsha dawa iliyolala, kinaweza pia kuamsha sumu iliyolala. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, Mtanzania Mohamedi Seifu Kalunde na mtafiti Michael Huffman walimfuatilia sokwe jike mgonjwa aliyeitwa Chausiku. Alimenya matawi machanga ya mmea ambao Watongwe huuita mjonso, akatupa maganda na majani, akatafuna na kufyonza kiini chake kichungu, na siku iliyofuata akawa amepata nafuu. Kalunde aliutambua mara moja, kwa kuwa kwao ni dawa ya tumbo. Uchunguzi wa maabara uliofuata ulikuta kwamba majani na maganda ndiyo yenye kiambata chenye sumu kali zaidi, vernodalini. Utaalamu ulikuwa katika kuchagua sehemu na namna ya kuitumia, wala si katika kuujua mti peke yake. Mtu anayeuponda mmea mzima na kuutumbukiza katika spiriti ya asilimia 60, kisha akasema kwamba wazee wameutumia tangu zamani, ametumia jina la wazee kwa jambo ambalo wazee hawakulifanya.

Hoja kwamba waganga hawana vipimo nayo si ya haki. Kisoda, ncha ya kisu, vidole vitatu, kikombe cha kahawa: hivyo ni vipimo, na mganga anayemfahamu mgonjwa wake huvirekebisha siku ya pili akiona tumbo limeharisha. Udhaifu hujitokeza dawa inapouzwa kwa mtu ambaye mganga hatamwona tena. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifurika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga iliyotolewa na Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Bei ilikuwa ya huruma na dawa ilichemshwa kwa njia ya kawaida, lakini hakuna aliyeweza kuwafuatilia walioondoka, na miongoni mwao walikuwamo walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Kichupa kinachosafirishwa kwa basi hadi mkoa mwingine huzidisha umbali huo. Hata kitunguu saumu, kilichomo katika michanganyiko mingi ya madukani, kiliwahi kuthibitishwa katika utafiti kwamba vidonge vyake hupunguza kwa takriban nusu kiwango cha sakwinaviri, mojawapo ya dawa hizo, katika damu.

Inabaki hoja ya siri, ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote upande wa waganga. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, yenye baraza la kusajili waganga na dawa zao. Mganga akiulizwa kilichomo katika chupa, huogopa kwamba akitaja mti na kipimo, kiwanda kitamtangulia. Hofu hiyo ina historia. Gome la Prunus africana, mti ambao Wakikuyu huuita muiri, limekuwa dawa ya tezi dume Ulaya tangu miaka ya 1960, na miti imechunwa kiasi kwamba tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Jamii zilizoujua mti huo kwanza hazikutajirika. Hata hivyo siri nayo ina gharama. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 walikuja huku na tinkcha ya Warburg, dawa ya homa ambayo iliuzwa kwa miongo kadhaa bila fomula yake kutangazwa hadi 1875. Muda wote huo mnywaji hakujua kwamba nguvu yake kubwa ilikuwa kwinini, dawa iliyokuwa ikipatikana peke yake.

Kwa hiyo napendekeza siri igawanywe. Asili ya mchanganyiko na njia ya kuukuza mti vinaweza kubaki kwa mganga na kwenye faili la msajili, chini ya kiapo cha kutotoa siri. Kilicho juu ya lebo ni haki ya mnywaji: jina la mmea na sehemu iliyotumika, uwiano wa gramu kwa mililita, asilimia ya alkoholi na chanzo chake, tarehe ya kuchuja, na onyo kwa watoto, wajawazito na wanaotumia dawa za hospitali. Magome na mizizi ambayo kwa jadi hupakwa tu juu ya ngozi yasitengenezwe tinkcha ya kunywa hadi yapimwe upya, na kipimo hicho kigharimiwe na serikali, kwa kuwa mganga wa kijijini hana uwezo wa kulipia maabara, na akiachiwa mzigo huo atakayebaki sokoni ni mwenye kiwanda.