Dogo wa grenda tukimfukuza anaenda wapi?

Kila habari ya dogo kuumia kazini ikisambaa hapa Dodoma jibu ni lile lile, madogo wote wafukuzwe kwenye karakana za vyuma, OSHA, wale wakala wa usalama na afya kazini, waje wazifunge. Nawaelewa wanaosema hivyo. Ila naona wanaitaja sheria nusu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, akishafika 14 anaruhusiwa kazi nyepesi, na zile za hatari asubiri mpaka 18. Sasa piga hesabu. Dogo kamaliza la saba ana 13 au 14, sekondari haikuwezekana, hapo mpaka 18 kuna miaka minne au mitano. Miaka yote hiyo afanye nini? Chuo cha ufundi cha VETA kinataka ada na nauli, na kazi nyepesi ya kumlisha mtu mjini hapa ni ipi, kuuza karanga stendi? Mafundi tunaowapigia simu leo watutengenezee mageti wengi walianza na umri huo huo, wakishika mkono wa mtu. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inalijua hilo, ina sehemu nzima ya uanagenzi, yaani kujifunza kazi kwa fundi, kuanzia 14 mtoto anaweza kukaa chini ya fundi, na fundi anatakiwa amfundishe na amlinde. Hiyo sehemu sijasikia mtu akiitaja.

Hatari ipo, sibishi. Mtu mzima akiona chombo kibovu anaweza kugoma, dogo wa miaka 16 atamwambia nini fundi aliyempa hela ya chai asubuhi? Anashika tu.

Ila ukimfukuza hatoki kwenye kazi, anahamia uani, geti limefungwa, saa nne usiku, wakati sheria inakataza mtoto kufanya kazi kuanzia saa mbili usiku mpaka kumi na mbili asubuhi. Akikatwa anapelekwa zahanati na onyo moja, sema ulianguka. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wanaoumia kazini, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti, lakini utamlipaje mtu ambaye kwenye karatasi hayupo na jeraha lenyewe limeandikwa kuwa kaanguka? Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana kidole kimeenda na haki yake imeenda nacho.

Jumamosi nilisimama kwenye karakana moja Chang'ombe kusubiri dirisha langu la grili. Dogo kavaa ndala, miwani ya jua ya mnadani Msalato, anakata bomba na grenda ndogo, mashine ya mkono ya kukatia chuma, ya inchi nne na nusu, gadi, ile kinga ya jiwe, imetolewa ili jiwe la kukatia la inchi saba liingie. Grenda ile inazunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, jiwe la inchi saba kwa kawaida mwisho wake ni kama 8,500, ukizidisha linaweza kupasuka, na likipasuka linaruka vipande na kilicho karibu ni uso wake. Nikamwambia dogo hebu zima, nisomee namba ya mwisho wa mizunguko iliyoandikwa kwenye jiwe. Akaligeuza geuza, akasema hajawahi kuiangalia. Fundi wake akajibu kutoka ndani, "Hilo la grenda kubwa, mzee, lakini si linakata?"

Gadi ilikuwa imening'inizwa ukutani kwenye msumari, mpya kabisa.