Lebo ya Bongo Fleva: gharama zinarudi kutoka fungu la nani?

Harmonize aliondoka WCB Wasafi, lebo ya Diamond Platnumz, mwaka 2019 na kuanzisha lebo yake, Konde Gang. Rayvanny alizindua lebo yake, Next Level Music, mwaka 2021, na mwaka uliofuata akatangaza kuachana na WCB. Mara zote mbili mashabiki waligawanyika: hawa wakisema lebo zinanyonya, wale wakisema wasanii hawana fadhila. Anayetaka kufungua lebo leo, hata ya msanii mmoja tu, auweke ushabiki pembeni ashike kalamu. Kifungu cha mkataba cha kuangalia kwanza ni kile kinachosema gharama zinarudi vipi.

Tuseme lebo imetoa Sh milioni 12 kwa nyimbo tatu: studio, miksi, mastering, video moja ya maana, picha na promo. Mkataba ni nusu kwa nusu. Baada ya makato ya msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye Spotify na kwingineko mtandaoni, zimeingia Sh milioni 20. Gharama zikitolewa juu kabla ya kugawana, zinabaki milioni 8, na kila mmoja anaondoka na 4. Lakini zikikatwa kwenye fungu la msanii, hesabu inageuka. Fungu lake ni milioni 10, deni ni 12. Hapati hata senti na bado anadaiwa milioni 2. Lebo imeshika zote 20, yaani faida ya milioni 8. Mikataba yote miwili imeandikwa 50 kwa 50, na kijana aliyesaini bila mwanasheria hajui amesaini upi.

Mwenye lebo naye ana hoja, tena nzito. Wimbo ukibuma, hasara ni yake peke yake. Nyimbo za mwanzo za msanii mchanga mara nyingi hazirudishi hata pesa ya video, na unaotoboa huenda ukawa wa tano au wa sita. Ukimpa mkataba wa mwaka mmoja, umemlipia mazoezi ili mwingine aje avune. Ndiyo maana lebo hudai miaka mingi na kumega shoo na matangazo, kwa sababu stirimu (wimbo kusikilizwa mtandaoni) peke yake hazimtoshi msanii mdogo. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo usiofikisha stirimu 1,000 ndani ya miezi 12. YouTube nayo hukata 30% ya mapato yanayotokana na watazamaji wa Marekani, kwani Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo; na asiyejaza fomu ya kodi kwenye akaunti yake anaweza kukatwa mpaka 24% ya mapato ya dunia nzima. Wengi hugundua hilo pesa ikiwa imeshakwenda.

Kwa lebo ndogo, naona bora gharama zitoke juu, na mkataba uhesabiwe kwa nyimbo badala ya miaka: nane, kwa mfano, huku ukiwekewa ukomo wa miezi 30 ili msanii asifungwe na lebo isiyo na pesa ya kurekodi. Asilimia ya shoo ichukuliwe pale tu lebo ilipoitafuta shoo yenyewe. Mwekezaji atanuna, na ana haki ya kununa, kwa kuwa faida yake itachelewa. Abaki basi na master, yaani rekodi zenyewe za nyimbo, kwa miaka kadhaa baada ya mkataba kwisha, kisha zirudi kwa msanii.

Usajili wenyewe haukupi shida sana. Sajili kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, usiishie kwenye jina la biashara, maana jina la biashara halina nafsi yake kisheria na master zitakuwa mali yako binafsi, pamoja na madeni ya lebo. Baada ya hapo ni TIN (namba ya mlipakodi), BASATA (baraza la sanaa) na COSOTA (ofisi ya hakimiliki). Hakimiliki huzaliwa kazi inapoundwa. Usajili wa COSOTA unakupa ushahidi.

Panapoharibika zaidi ni kwenye biti. Msanii anachukua biti ya kukodi mtandaoni, ambayo wengine kumi nao wamekodi. Mmoja wao akiwahi kuusajili wimbo wake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye mwenyewe, video yako inadaiwa na mapato yanaweza kwenda kwake; ukipinga, yanashikiliwa mpaka ubishi uishe. Kwa hiyo kabla prodyuza hajalipwa, asaini kwamba biti ni ya wimbo huo tu, akabidhi faili za kila ala na siyo MP3 moja, na kuwe na karatasi ya mgawanyo: maneno, melodi, biti, aliyeshirikishwa, jumla 100%. Kazi ipakiwe wiki tatu au nne kabla ya kutoka. Spotify wanataka ombi la kuingizwa kwenye orodha zao angalau siku 7 kabla.

Mkataba useme pia barua pepe ya chaneli ya YouTube ni ya nani, na kwamba msanii akiondoka anapewa namba za ISRC, yaani namba za kutambulisha kila rekodi, za nyimbo zake zote. Wimbo ukipakiwa upya kwa msambazaji mwingine bila namba ileile, stirimu zake huanza kuhesabiwa kutoka sifuri.