Odowa, chai ya maziwa na njaa ya chuma baharini

Nilipokuwa na mimba ya binti yangu, nesi wa kliniki alitazama karatasi ya maabara, akanitazama mimi, kisha akasema, "Mama, damu yako iko chini. Nane nukta tisa." Akanipa vidonge vya chuma vya kuongeza damu na onyo moja: nisivimeze na chai. Nilishangaa, maana kwetu Kangemi ni chai asubuhi, chai saa nne na chai jioni. Akanieleza kwamba chai hukikamata chuma tumboni, kikapita bila mwili kukinyonya. Halafu akaniuliza kama natafuna odowa. Nilikubali kwa haya. Kila siku nilikuwa nanunua mawe yale ya shilingi kumi kwa mama mmoja sokoni, nayatafuna njiani mpaka nyumbani.

"Acha," alisema. "Udongo huo hata ukiwa na chuma haukusaidii. Unaweza hata kukuzuilia kile cha vidonge."

Ningekuwa nimeyasahau maneno yake kama nisingeanza kusoma kuhusu bahari inayozunguka Antaktika. Bahari hiyo nayo ina upungufu wa damu, na kila ninapoona watu wakijadili jinsi ya kuiponya, namkumbuka yule nesi.

Maji ya kule yamejaa mbolea za asili, naitreti na fosfeti, zinazopanda kutoka vilindini, na wakati wa kiangazi, kusini kabisa, jua halitui kwa majuma mengi. Kwa mahitaji hayo ungetarajia bahari ya kijani kibichi. Kumbe sehemu kubwa yake ni samawati tupu, mimea midogo ya majini, yaani mwani, ni haba. Wanasayansi walisumbuka na swali hilo kwa miongo kadhaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, John Martin wa maabara ya Moss Landing kule California alionyesha kwamba kinachokosekana ni chuma. Kabla yake vipimo vilikuwa vikidanganya, kwa kuwa meli ni chuma, kamba za kushushia vyombo ni chuma, na kutu yao iliingia kwenye chupa za maji. Martin na wenzake walitumia vyombo vya plastiki vilivyosafishwa kwa asidi, ndipo ukweli ukajitokeza. Chukua bwawa la Ndakaini likiwa limejaa pomoni, mita za ujazo milioni 70, ulijaze maji ya juu ya bahari ile. Chuma chote kilichoyeyuka humo hakingefika kilo moja. Nyundo moja ya fundi wa Kamukunji ina chuma kingi kuliko hicho.

Sababu yake kila mwenye paa la mabati anaijua. Chuma kikikutana na maji yenye oksijeni hushika kutu, na kutu haiyeyuki, huzama. Kwa hiyo bahari huhitaji kuletewa chuma upya kila mara, na njia kinazofikia ni nyingi kuliko nilivyodhani. Upepo hubeba vumbi la Patagonia, kule Amerika Kusini, na la Australia. Moto mkubwa wa misitu ya Australia wa 2019 na 2020 ulirusha moshi na majivu maelfu ya kilomita, na mwani ukastawi katika maji ya kusini kwa kiasi kilichoonekana kwa setilaiti. Mito ya barafu husaga miamba ikawa unga, na vilima vya barafu vinavyomeguka huondoka nao na kuudondosha vinapoyeyuka; vile vikubwa kabisa huacha nyuma mkondo wa kijani wa mamia ya kilomita. Chuma kingine hutoka kwenye matope ya sakafu ya bahari isiyo na kina kirefu, kama ilivyo karibu na visiwa vya Kerguelen. Na kuna mahali huko Antaktika, kwenye barafu ya Taylor, maji ya chumvi yenye chuma hububujika kutoka chini ya barafu na kugeuka mekundu yanapoguswa na hewa, ingawa hayo huishia ziwani, si baharini. Wagunduzi waliyaona mwaka 1911, na leo yanaitwa Maporomoko ya Damu. Kila nikitazama picha yake naona tope la barabara yetu baada ya mvua.

Lakini nusu ya hadithi imo kwenye odowa. Chuma kingi kilicho kwenye vumbi na unga wa mwamba kimejifunga ndani ya madini, nao mwani hauwezi kukila. Kinacholika vizuri ni kile kilichoshikwa na chembechembe za uhai zinazokizuia kisizame: mabaki ya viumbe, ute wa bakteria, na kinyesi. Kinyesi hasa, na hapo ndipo nyangumi anapoingia.

Mwani hula chuma. Krili, wanyama wadogo wa baharini wanaofanana na uduvi, hula mwani na kukusanya chuma kile miilini mwao. Nyangumi hupiga mbizi akameza krili kwa tani, kisha hupanda juu kupumua, na hukohuko juu ndiko hujisaidia. Kinyesi chake ni cha majimaji, chekundu, kinaelea kwenye mwanga ambako mwani unaishi. Watafiti waliokipima mwaka 2010 walikuta chuma kilichozidi kile cha maji ya bahari ile mara milioni 10 hivi. Nyangumi hukaa na mafuta, chuma anakirudisha. Kilekile kimoja huzunguka tena na tena kabla ya kuzama.

Katika karne ya 20 wawindaji waliua karibu nyangumi milioni 2 katika nusu ya kusini ya dunia. Nyangumi wa buluu wa Antaktika walibaki chini ya asilimia moja. Watu walidhani kwamba walaji wa krili wakipungua, krili wataongezeka. Hawakuongezeka. Utafiti wa 2021 ulikadiria kwamba kabla ya uwindaji huo nyangumi wa kusini walikuwa wakila tani milioni 430 za krili kwa mwaka, kiasi kinachozidi krili wote waliomo leo. Hesabu hiyo hunipa uchungu kila ninapoirudia. Walioonekana kuwa walaji wakubwa ndio waliokuwa wakiilisha bahari.

Sasa wapo wanaotaka kumwaga chuma kwa meli, mwani ustawi, uvute hewa ya ukaa, uzame nayo. Martin mwenyewe aliwahi kusema mwaka 1988 kwamba akipewa nusu meli ya chuma ataleta zama za barafu. Alifariki 1993, miezi michache kabla ya jaribio la kwanza. Tangu hapo majaribio zaidi ya kumi yamefanyika na mwani huota kweli. Baada ya hapo majibu hutofautiana. Mwaka 2004 sehemu kubwa ya mwani ilizama mbali chini. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani na India walimwaga tani kadhaa za chuma mahali palipopungukiwa na silika, madini ambayo aina fulani za mwani hujengea magamba yao. Mwani uliota, ukaliwa na wanyama wadogo wa baharini, na kaboni iliyozama ilikuwa kidogo sana.

Siwapingi wanaopima. Ninachopinga ni kuifanya bahari ile shamba la biashara ya kaboni, yaani kuuza hesabu ya hewa ya ukaa iliyozamishwa, kabla ya kujua ni chuma gani kinaliwa, na nani, na wapi. Sisi wa Nairobi tuna haki ya kusema hivyo, kwa sababu mambo haya huletwa mlangoni kwetu. Machi 2019, pale Gigiri, kwenye mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa, Uswisi ilileta rasimu ya kutaka teknolojia za kuirekebisha hali ya hewa zichunguzwe, ikaondolewa bila makubaliano. Septemba 2023 jumba la mikutano la KICC lilijaa wageni wa mkutano wa tabianchi wa Afrika wakizungumzia soko la kaboni. Rasimu kama hiyo ikirudi, wajumbe wetu waulize kwanza kuhusu uvuvi wa krili, unaowasaga kuwa chakula cha samaki wa kufugwa na vidonge vya mafuta, katika maji yaleyale ambako nyangumi wanajaribu kurudi. Kumnyang'anya mgonjwa chakula huku unamuuzia vidonge ni jambo ambalo yule nesi asingelikubali.

Na wanarudi. Mwaka 2019, karibu na Kisiwa cha Elephant kule Antaktika, watafiti walikuta kundi la nyangumi aina ya fini wapatao 150 wakila pamoja. Nyangumi wa nundu wamepona zaidi, na baadhi yao huja mpaka kwetu: kuanzia Julai hadi Septemba huonekana Watamu na Kilifi, wamekuja kuzaa katika maji ya joto. Wakiwa huku karibu hawali kabisa. Wanaishi, na kunyonyesha, kwa mafuta ya krili waliowala kusini.

Binti yangu ana miaka sita sasa. Nimeshaanza kuweka pesa ya treni hadi Mombasa na matatu ya kutoka hapo, twende Watamu Agosti. Nataka akiona lile dude likipuliza maji nimwambie limetoka wapi, na lilikuwa likifanya kazi gani huko.