Saa 40 ni kiwango cha chini tu

Kuna makala niliyosoma inayosema kijana akishalipia saa 40 za kuruka anatoka na leseni ya rubani binafsi. Hapo sikubaliani kabisa, na nasema kama mtu aliyejifunzia urubani uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Saa 40 ni kiwango cha chini cha kanuni za kimataifa, na ndani yake lazima uwe umeruka peke yako saa 10, pamoja na safari moja ya peke yako isiyopungua kilomita 270 yenye kutua viwanja viwili tofauti. Sasa Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Jua la mchana likiwaka hewa inakuwa nyepesi, kile kiinjini cha Cessna 152, ndege ndogo ya mafunzo, kinapungukiwa nguvu, na unaona barabara ya kurukia inakwisha huku magurudumu bado yamegusa lami. Halafu kuna foleni: unasubiri nyuma ya ndege za watalii wa mbuga ya Maasai Mara, injini inanguruma, na muda unahesabiwa tangu ulipoondoka maegeshoni. Unaulipia, unaandikwa kwenye kitabu chako cha saa za kuruka, lakini hujajifunza kitu. Wazazi wanaokopa kwa kuamini saa 40 wanaishiwa fedha mtoto akiwa katikati, jambo linaloniuma sana. Mwanafunzi aombe zamu za asubuhi na mapema, kabla joto na upepo havijaanza. Nyinyi mliojifunzia pwani, mlimaliza kwa saa ngapi?