Pima damu kwanza, hizo vitamini zingoje

Jamani hii biashara ya vitamini hapa Nairobi imezidi. Ukipita Tom Mboya kuna mtu ameshika kopo, ukifungua WhatsApp ya chama kuna mama anauza, na kila kopo ati linaongeza kinga, linasafisha damu na linatoa uchovu, yote kwa pamoja. Mimi siwezi kununua kitu kama hicho kabla sijajua mwili wangu umekosa nini.

Chukua tu huo uchovu. Inaweza kuwa damu imepungua, inaweza kuwa sukari, thairoidi (ile tezi ya shingoni), ama hulali vizuri, na muuzaji hawezi kujua ni gani kwa kukuangalia uso. Kupima hemoglobini, yaani kuona kama damu inatosha, hata kliniki ndogo ya mtaani wanafanya. Ikionekana iko chini daktari atafute sababu, maanake minyoo na hedhi nzito pia humaliza damu, alafu ukipewa vidonge vya madini ya chuma meza na maji ama juisi ya chungwa, sio chai, chai inazuia hayo madini yasiingie vizuri mwilini.

Wako wanaohitaji kweli na hao siwabishii. Mama mjamzito akienda kliniki ya serikali hupewa bure kidonge chenye miligramu 60 za chuma na maikrogramu 400 za asidi ya foliki, sasa nikisikia mtu ameacha hicho akanunua poda ya maelfu roho inaniuma sana. Na anayepanga kushika mimba aanze foliki mapema, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto huundwa wiki za kwanza kabisa, wengi hata hawajajua wana mimba. Wazazi wetu waliotumia metformin, ile dawa ya sukari, miaka mingi wapimwe vitamini B12. Wasiokula nyama, mayai wala maziwa pia.

Kuongeza tu dozi ni hatari. Vitamini C ikizidi nyingi utaikojoa, lakini A hurundikana kwa ini na ikizidi inaweza kudhuru mtoto tumboni. Kama unatumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, usiguse kopo lolote kabla ya kuongea na daktari wako.

Alafu angalieni unga. Ule wa pakiti, tangu 2012 sheria inataka uongezwe vitamini A, chuma, zinki na foliki, lakini wa posho mill mara nyingi hauna, kwa hivyo kama nyumbani mnasaga, hiyo pesa ya kopo mpelekee mama mboga, ununue managu, terere na omena.